Jina Ndani ya Difu

Gari lilifika gerejini likiwa limebebwa mgongoni mwa lori, magurudumu yote manne yamefungwa kwa minyororo, na bado Fundi Sikio alisikia difu yake ikivuma.

Alikuwa amesimama langoni akifuta mikono kwa tambara. Alikunja uso. Difu, lile bonge la chuma lililokaa katikati ya magurudumu ya nyuma, hailii kama magurudumu hayazunguki. Ni kama kinu kitoe mlio wa kutwanga na mchi umelala jikoni. "Itakuwa difu ya lori," alijisemea. Lakini lori lilikuwa limeshasimama, dereva ameshateremka na anafungua minyororo huku akipiga mluzi, na mvumo ulikuwa bado upo, mwembamba, wa mbali, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi uliofunikwa. Kisha ukakatika. Sikio akacheka peke yake. Uzee nao huanzia masikioni.

Si kwamba alikuwa na desturi ya kuyacheka masikio yake, maana ndiyo yaliyomlisha. Angesimama kando ya gari linalopita na kukuambia beringi ipi itakufa mwezi ujao. Wateja walimtania kwamba hata akienda msibani humsikia marehemu akikoroma. Gereji yake ilikuwa uani mwa nyumba yake mwenyewe: shimo moja la kukagulia magari, paa la mabati, na ukuta mmoja uliopakana na chumba alichoshonea mkewe. Kutwa nzima walizungumza kupitia ukuta huo, yeye na spana zake, mkewe na cherehani yake. Alimwita mkewe Mama Kidoti, naye mkewe alimwita Baba Kidoti. Kidoti mwenyewe, binti yao, aliyekuwa na alama nyeusi kidevuni kama punje ya mtama, alichukuliwa na homa akiwa na miaka sita, na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu afariki. Hakuna aliyethubutu kumbadilishia mama yule jina, na mwenyewe asingekubali.

Mwenye gari alikuja nyuma ya lori na gari lake jingine. Alikuwa daktari wa meno, mwanamke mrefu wa viatu vyeupe, na hakuvuka lango.

"Lilikuwa la kaka yangu," alisema. "La zamani, lakini alilitunza kama yai. Nataka liache kulia, basi."

"Linaliaje, Daktari?"

"Utalisikia."

"Na kaka mwenyewe anasemaje?"

"Kaka amefariki."

"Pole sana."

"Asante." Aligeuka kuondoka, kisha akasita, mkono wake uko kwenye nguzo ya lango. "Fundi, ukiwa unalifanyia kazi, usiwe peke yako. Uwe na mtu karibu."

Sikio alidhani anazungumzia jeki kuteleza. Akamshukuru.

Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, jekundu, limekaa chini chini kama paka anayenyatia. Alilitoa mchana ule ule, akalipeleka kwenye barabara inayozunguka kiwanda kilichofungwa, mahali alipozoea kujaribia magari kwa sababu hapakuwa na watu wala matuta. Hakuhitaji kwenda mbali. Akikanyaga mafuta, nyuma kulitoka mngurumo mzito. Akiachia mafuta, mngurumo ulipanda ukawa kilio chembamba. Na kwenye kona ya kushoto palisikika kitu kikigongana haraka haraka, kama meno ya mtu mwenye baridi.

Hapo palikuwa na magonjwa matatu kwenye mwili mmoja, na Sikio aliyapenda magonjwa. Alianza na matairi, maana matairi ni waongo, huweza kulia yakakufanya ufungue difu ya watu bure. Akayahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, mlio haukubadilika. Akalipandisha gari, akazungusha kila gurudumu kwa mkono. Beringi za magurudumu zilikuwa nzima. Akaingia shimoni na kuifungulia difu oili.

Difu mbovu hutema oili nyeusi yenye chembe za chuma zinazometameta. Hii ilitoka safi, rangi ya asali, na ilikuwa baridi. Gari limetoka barabarani dakika kumi zilizopita na oili yake ni baridi kama maji ya kisimani. Ilikuwa na harufu pia, si ile kali ya oili ya gia anayoijua, bali harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na kwa mbali, nywele zilizoungua.

Alifungua kifuniko. Akapaka rangi kwenye meno ya gia kubwa, akaizungusha ikutane na gia ndogo, akatazama alama zilipokaa: katikati kabisa ya kila jino. Akapima nafasi kati ya gia na gia. Sawasawa. Alikuwa amefungua difu mia kadhaa maishani mwake na hajawahi kuona iliyokaa vizuri kama hii. Hata hivyo alibadilisha beringi zote, kwa sababu mteja hawezi kuambiwa "ni nzima" na huku inalia, akajaza oili mpya na kurudi barabarani.

Mngurumo. Kilio. Meno.

Siku ya tatu, jua la saa saba likichoma mabati, mkewe alimwita kupitia ukutani.

"Baba Kidoti, gari hilo unaliacha linguruma kutwa la nini? Linanipa kichwa."

"Limezimwa tangu asubuhi."

Cherehani ilinyamaza. Mkewe akasema, polepole, "Basi mimi nasikia nini?"

Sikio aliweka spana chini. Alichukua bisibisi ndefu, akashuka shimoni. Hivi ndivyo mafundi wanavyosikiliza chuma: ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye sikio. Gari limetulia juu yake, limefunika shimo lote isipokuwa ufa wa mwanga kila upande. Akaweka ncha kwenye tumbo la difu. Akabana mpini sikioni. Akafumba macho.

Ndani humo kulikuwa na mtu anayepumua.

Alitaka kuondoa sikio na hakuliondoa. Ndiyo aibu aliyobaki nayo baadaye, kwamba hakushikwa na mtu. Alikuwa fundi, na fundi husikiliza mpaka ajue. Pumzi zikaja karibu. Kisha mama yake, ambaye Sikio mwenyewe alimzika kwa mikono yake, akamwita. Hakumwita Sikio wala Fundi. Alimwita lile jina la utotoni ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa hai aliyelijua, na alilivuta mwishoni kama alivyolivuta zamani akimwita aje kula.

Mtoto aliyelelewa na mama mkali haachi kuitikia hata akiwa na miaka hamsini na minne. Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Naam, mama."

Ndani ya difu kitu kikashusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo. Palitulia. Hata nzi shimoni walinyamaza.

Na gari likapona. Alilizungusha kiwandani mara sita. Lilikwenda kama maji kwenye mfereji. Akampigia Daktari simu kwa furaha.

"Limenyamaza, Daktari. Njoo ulichukue."

"Fundi," Daktari alisema, sauti imeshuka, "lilikuita?"

Simu ikakatwa. Daktari hakuja kesho yake wala kesho kutwa, na simu yake haikupatikana.

Jioni ya siku ile ya simu Sikio alitoka kwenda kununua mkate. Alipofika kona ya mtaa, karibu na kwa fundi viatu, mvumo ulianza. Mara hii haukutoka popote. Ulikuwa ndani ya sikio lake la kulia. Akapiga hatua tatu, ukawa kilio. Hatua tano, ukawa msumari. Alishika ukuta. Fundi viatu aliinua kichwa, akauliza, "Vipi, Sikio?" na Sikio akaona matone ya damu yanadondoka juu ya shati lake mwenyewe, kutoka puani. Akageuka. Kila hatua ya kurudi nyumbani ilipunguza maumivu, na alipoweka kiganja juu ya boneti jekundu yaliisha kabisa, taratibu, kwa upole, kama mtu anayekupapasa kichwa na kukuambia, umeona sasa.

Hakumwambia mkewe. Alisema mikate imekwisha.

Kesho yake hakuweza kuvuka lango. Baada ya siku mbili hakuweza kufika chumba cha kulala. Alitandika mkeka gerejini, akasingizia joto. Wiki ilipoisha, umbali alioweza kwenda ulikuwa urefu wa mkono kutoka kwenye bodi la gari, na asubuhi moja aliamka ameketi kwenye kiti cha dereva, mkanda umefungwa, bila kukumbuka aliingia saa ngapi. Alibonyeza kitufe cha mkanda. Kilibonyea, lakini mkanda haukuachia.

"Baba Kidoti." Mkewe alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai. Hakupiga kelele. Alikuwa ameona kila kitu siku zote zile, akisubiri aambiwe. "Shuka, mume wangu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, Mama Kidoti."

Aliweka kikombe chini, akaleta mkasi wake wa kukatia vitambaa, mkasi uliopasua jinzi kama karatasi. Mkanda haukukatika hata uzi. Akafungua mlango, akamshika mumewe kwapani na kumvuta. Sikio alipiga ukelele ambao hakujua anao, na damu ikachuruzika kutoka masikio yote mawili. Mkewe akamwachia, akarudi nyuma na viganja vyake vyekundu, na mlango ukajifunga taratibu, bila kishindo.

Ndipo siku zikawa za aina moja. Mkewe alimlisha dirishani kwa kijiko, akampangusa kwa kitambaa cha maji, akamletea chombo cha haja na kugeuka pembeni amsitiri. Mchana bati liliposhika moto, ndani ya gari hewa iliisha, na vioo vilivyokuwa wazi vilipanda vyenyewe hadi vikabaki upana wa vidole viwili. Ikiwa gari halijatembea siku nzima, mvumo ulimwingia hata pale kitini, kwa hiyo ilimbidi awashe na kwenda kuzunguka kiwanda, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka uridhike. Mkewe alinunua petroli kwenye dumu na kuijaza mwenyewe. Alipomaliza siku moja alisimama akinusa mikono yake, akasema, "Tunalilisha, Baba Kidoti. Wewe na mimi, tunalilisha."

Kisha akajifunga kitambaa kichwani na kutoka.

Baadaye alimsimulia. Alikwenda kliniki ya meno, akapita foleni nzima, akaketi kwenye kile kiti cha kulaza wagonjwa na kusema kwamba hatashuka mpaka aambiwe ukweli. Daktari alijaribu kumwita mlinzi. Mama Kidoti akamwambia, "Mwite. Mume wangu ameketi kwenye kiti asichoweza kushuka, nami nimeketi kwenye changu. Tuone."

Alasiri walikuja watatu: Mama Kidoti, Daktari, na mwanamke mfupi mnene wa miaka sitini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na peremende mdomoni. Daktari alianza kulia kabla hajafika kwenye gari.

"Kaka alikaa humo miezi tisa," alisema. "Tulimkuta siku moja mkanda umefunguka wenyewe. Alikuwa mwepesi kama fimbo. Nilisema labda ni chuma, labda fundi mzuri atakifungua na... Nisamehe, Fundi. Nilikuwa naogopa litaniita mimi."

"Ukaona liniite mimi," Sikio alisema.

Daktari alifuta machozi kwa kiganja.

Yule mwanamke mfupi alikuwa akilizunguka gari, akiligongagonga kwa kidole. Watu walimwita Opereta, kwa sababu miaka ishirini na minane alifanya kazi kwenye mitambo ya simu, akiunganisha laini za watu, kabla hajaanza kazi yake hii ya pili ya kuwatoa watu majini na mashetani. Alichungulia kwa Sikio kupitia ufa wa kioo.

"Alikuita kwa sauti ya nani?"

"Mama yangu."

"Ukaitika."

"Nikaitika."

"Pole, baba. Hukukosea adabu, ila adabu ndiyo ndoano yake." Alihamisha peremende shavu la pili. "Sikiliza. Jini huyu hakai kwenye chuma. Chuma hawakipendi. Anakaa kwenye jibu. Alikupigia, ukapokea, laini ikafunguka, na tangu hapo hajakata. Wewe huwezi kumkatia. Ila unaweza kumpigia yeye. Ukimwita kwa jina lake, na yeye akaitika, mnakuwa hamdaiani. Hapo utamwambia toka, naye atatoka."

"Jina lake ni nani?" Mama Kidoti aliuliza.

"Sijui. Wa kulijua ni huyu mwenye masikio." Akamgeukia Sikio. "Hawa hujitaja wenyewe kutwa, kama watoto. Lazima awe analitaja mahali. Difu hii inaliaje?"

Sikio alifikiri. "Inanguruma ukikanyaga mafuta. Inalia ukiachia. Inagonga ukikata kushoto." Kisha nywele zikamsimama. "Vipande vitatu," alisema.

"Vipande vitatu," Opereta aliitikia kwa kichwa. "Kasikilize. Lakini hatakubali kirahisi, atakuita tena, na ukiitika mara ya pili hata mimi sitarudi hapa. Nenda na mtu wa kukuziba mdomo." Alimtazama Mama Kidoti. "Na wewe utaitwa. Kwa sauti yoyote. Usiitike, binti yangu. Na mumeo akifungua kinywa kulitaja, ziba masikio. Jina hilo likitajwa mara ya kwanza linafukuza. Likitajwa mara ya pili linakaribisha. Libaki kwa mtu mmoja, afe nalo."

Gari lilikuwa na viti viwili tu. Mama Kidoti alizunguka, akaingia, akafunga mlango. Vioo vikapanda mpaka juu.

Mara hii gari lilikuwa linajua. Kabla hawajamaliza mtaa, ile harufu ya udongo ilijaa ndani, na walipofika kiwandani mvumo ulikuwa umerudi nyuma yao, mkubwa kuliko mwanzo. Sikio akakanyaga mafuta. Akaacha macho yenyewe yatazame barabara, akashuka na masikio, chini ya mlio wa matairi, chini ya injini, chini ya mngurumo wenyewe, kama anavyotafuta beringi moja mbovu katikati ya kelele za gari zima, na huko chini, kikijirudia, akakuta kipande cha kwanza, kizito, cha kooni. Akakishika. Akaachia mafuta. Kilio kikapanda, na ndani ya kilio mama yake akamwita.

Kinywa chake kilifunguka. Kiganja cha mkewe kilimpiga mdomoni hata meno yakamkata ulimi. Mama yake akaita tena, akiuliza mbona mwanawe amekuwa na kiburi, mbona hata kaburi halipalilii, na machozi yakamtiririka Sikio juu ya vidole vya mkewe huku akisikiliza, akisikiliza, mpaka kipande cha pili kikajitenga na sauti ya mama kama mfupa unavyojitenga na nyama. Akaitikia kwa kichwa: nimepata.

Kikabaki cha kona.

Walipoingia kona ya kushoto, meno yakaanza kugongana, na nyuma ya viti, mahali palipokuwa finyu hata mkoba usingekaa, mtoto wa kike akasema, "Mama."

Kiganja cha Mama Kidoti kililegea.

"Mama, nifungue. Huku kuna giza."

Kona ikaisha, sauti ikaisha. Barabara ilinyooka mbele yao, nyeupe kwa jua. Mama Kidoti alikuwa anatazama mbele na midomo yake imebanwa kama mtu aliyeshika pini za kushonea.

"Sijakipata," Sikio alinong'ona. "Amenifunika. Lazima turudi tena."

"Zunguka."

Mara ya pili mtoto alilia tangu mwanzo wa kona hadi mwisho, akisema panabana, akisema alikuwa ameita siku zote hizo na hakuna aliyekuja, na Sikio alijaribu kushuka chini ya sauti ile na hakuweza, kwa sababu hapakuwa na chini yake, ilikuwa ni sauti ya mtoto wake mpaka mwisho, hata ile mikwaruzo ya kifua aliyokuwa nayo siku za mwisho ilikuwepo. Mara ya tatu alikosa tena. Mkewe alikuwa amechukua upindo wa kitambaa chake cha kichwani akajaza kinywani mwake mwenyewe, mkono mmoja uko kwenye mdomo wa mume na mwingine umejishika shingo, na mwili wake wote ulitikisika, ila hakutoa hata mguno.

"Mama Kidoti," Sikio alisema kwenye barabara iliyonyooka, "mara moja tu tena. Nisamehe. Mara moja tu."

Mkewe akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Waliingia kona, na mtoto safari hii hakulia, aliuliza tu, kwa upole, kwa sauti ya mtoto aliyekwisha kata tamaa ya kufunguliwa na sasa anataka kujua kosa lake, "Mama, mbona huniitikii? Nimekukosea nini?" na usukani ulikuwa moto mikononi mwa Sikio kama sufuria, na vioo vilikuwa vimejaa mvuke kwa ndani, na gari lilikuwa linajikaza kutaka kwenda kulia wakati yeye anavuta kushoto, na damu ilikuwa inamwingia kwenye kola, naye akaacha kupigana na ile sauti, akaipenda, akaisikiliza kama alivyoisikiliza zamani mtoto akisinzia kifuani mwake, na kwa kuwa aliijua kuliko jini, akasikia palipokuwa na kosa: Kidoti alikuwa akiuma herufi za mwisho, na huyu alikuwa anazimalizia. Kwenye kila mwisho uliomalizika vizuri mno, kilikuwepo kipande cha tatu.

Akang'oa kiganja cha mkewe mdomoni. "Ziba!"

Mama Kidoti akaziba masikio kwa vidole. Sikio akaliita lile jina, vipande vitatu, kwa nguvu zake zote.

Meno yakaacha kugongana. Gari likawa linateleza bila mlio wowote, wala injini, wala upepo. Kisha kutoka nyuma, karibu kabisa na kisogo chake, sauti isiyokuwa ya mtu yeyote aliyepata kumjua, kavu, ya zamani, yenye hofu, ikasema:

"Labeka."

"Toka," Sikio alisema.

Difu ilipasuka kwa kishindo kimoja. Magurudumu ya nyuma yakakwama, gari likaburuzika na kusimama mtaroni, na oili ikamwagika barabarani nyeusi tii, imejaa chuma kilichosagika. Mkanda ukajirudisha wenyewe. Sikio akafungua mlango, akaanguka kwa magoti, akasimama, akatembea. Hatua kumi. Ishirini. Akafika mpaka ukuta wa kiwanda, akaugusa, akageuka. Sikioni mwake kulikuwa na sauti za ndege tu.

Mkewe alikuwa bado ndani ya gari, amegeuka nyuma, anapapasa nafasi ile iliyokuwa tupu.

Daktari alilisagisha gari lile kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akasimama pale mpaka likawa bunda. Opereta alikuja mara mbili kumkagua Sikio, akamwambia laini imekatika, hakuna mtu upande wa pili. Kazi ikarudi. Watu wakaleta magari yao yanayolia vilio vya kawaida, na Sikio akawa analala kitandani kwake, anakwenda kununua mkate, na wakati mwingine anapitiliza duka kusudi, anakwenda mitaa minne mbele, kwa raha ya kwenda tu.

Mkewe hakuwa msemaji tena. Siku moja, wakila, alisema, "Ilikuwa sauti yake."

"Haikuwa yeye."

"Najua. Lakini ilikuwa sauti yake." Alikusanya makombo kwa kidole. "Nilikuwa nimeanza kuisahau, Baba Kidoti. Hata akinijia ndotoni alikuwa anafungua mdomo tu." Kisha, bila kumtazama: "Jina lile lilikuwaje?"

"Usiniulize tena hilo."

"Haya."

Hakumuuliza tena. Akarudi chumbani kwake, na cherehani ikawa inalia siku nzima kama zamani, hata Sikio akasema moyoni kwamba yamekwisha.

Ilikuwa asubuhi, jua limeingia gerejini vizuri, naye amelala chini ya gari la mtu akifunga boliti ya mwisho, aliposikia upande wa pili wa ukuta cherehani imesimama. Mkewe alivuta pumzi. Kisha akanong'ona kitu, kizito, cha kooni. Akatulia. Akajaribu cha pili, akakikosea. Akakirudia, juu kidogo, polepole, kama mtu anayejaribu funguo moja moja kwenye kufuli. Mtu hawezi kuziba masikio kwa vidole mpaka asisikie kabisa. Hubaki na mdundo. Na mshonaji, akishapata vipimo, nguo huitengeneza.

Cha pili kilikaa sawasawa.

Spana ilimtoka Sikio. Akajiburuza kutoka chini ya gari, akajigonga paji la uso, akakimbia kuzunguka ukuta. "Mama Kidoti!" aliita. "Mama Kidoti!" Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Akaupiga bega mara moja, mara mbili. Ndani cha tatu kikatajwa, kisha palitulia, kimya cha mtu anayesikiliza.

"Abee, mwanangu," mkewe akasema.